Wi-Fi inayosikiliza rada: namna vyombo vinagawana mawimbi

Ukiwasha ruta ya Wi-Fi ya 5 GHz na ikakawia dakika moja mbele ya kutoa mtandao, usiseme haraka kwamba imeharibika. Pengine inasikiliza kwanza kama kuna rada karibu.

Mawimbi ya 5250 hadi 5350 MHz, na ya 5470 hadi 5725 MHz, yanatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawimbi ya redio huko Geneva uliifungulia Wi-Fi mlango kwa masharti: rada ni mwenye nyumba, Wi-Fi ni mgeni.

Namna gani inatambua? Rada hutuma mapigo mafupi sana, yenye kurudia kwa mpangilio. Wi-Fi inayatafuta kwa sekunde 60 mbele ya kuanza. Ikiyasikia ikiwa kazini, inapashwa kuhama ndani ya sekunde 10, na hairudi pale kwa dakika 30.

Kuna sababu nzito. Mwaka 2009, huko San Juan, Puerto Rico, rada ya uwanja wa ndege ilikuwa inasumbuliwa na vyombo vya intaneti vilivyofungwa nje. Katika visa kadhaa, ile kazi ya kusikiliza ilikuwa imezimwa. Rada ile huonya marubani juu ya upepo wa ghafla wakati wa kutua. Upepo wa namna hiyo uliangusha ndege huko Dallas, tarehe 2 Agosti 1985. Watu 137 walikufa.

Lakini sikio moja halitoshi: chombo kilicho bondeni kinaweza kukosa kusikia rada iliyo nyuma ya kilima. Ndiyo maana Marekani, kwa mawimbi ya 3550 hadi 3700 MHz, sensa nyingi za pwani zinasikiliza rada za meli za kivita na kuarifu kompyuta kuu. Nayo inasimamisha au kuhamisha watumiaji ndani ya sekunde 300.

Kwetu, redio yenye kupeleka sauti toka studio hadi antena ya mlimani kwa 5 GHz inaweza kukatika ghafla chombo kikihama. Fundi asizime usikilizaji wa rada, wala asiandike inchi ya uongo ndani ya chombo. Aulize ARPTC chaneli zinazoruhusiwa, kisha achague ile isiyogusa rada.