Ni Nani Aliyelipia Udaktari wa Luther?

Katika mahubiri na vitabu vyetu tumezoea kumwita Dakta Martin Luther, wala hatuulizi sana aliupataje udaktari huo. Twajua habari za radi ya mwaka 1505 karibu na Stotternheim, na twajua hoja 95 za mwaka 1517. Lakini miaka iliyo katikati, ambayo ndiyo iliyomfanya kuwa mwalimu, hupitwa upesi. Makala hii inakusudia kuichunguza miaka hiyo kwa upande mmoja tu, yaani upande wa mwanafunzi wa udaktari: alifundishwa kwa njia gani, aliishi na nani, ada yake ililipwa na nani, na huyo aliyelipa alitaka nini. Maswali haya si ya udadisi mtupu. Makanisa yetu yanaendelea kuwatuma wachungaji kwenda kusoma shahada hiyo, ndani ya nchi na ng'ambo, na mikataba hutiwa sahihi. Na si kila mkataba huishia vizuri.

Luther alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1502, na shahada ya pili Januari 1505, akiwa wa pili kati ya watahiniwa 17. Baba yake alitaka awe mwanasheria. Julai mwaka huo huo aliingia katika nyumba ya watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, na mwaka 1507 akapewa upadre. Kusoma theolojia hakukuwa ombi lake. Wakuu wa shirika ndio walioamua.

Njia ya udaktari wa theolojia siku zile ilikuwa na ngazi nyingi, na katika kila ngazi mwanafunzi alikuwa mwalimu pia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1508 Luther alipelekwa Wittenberg, chuo kichanga kilichoanzishwa mwaka 1502, akafundishe maadili kwa kufuata kitabu cha Aristotle, huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma theolojia. Machi 1509 alipata ngazi ya kwanza ya theolojia, iliyompa ruhusa ya kueleza sura za Biblia kwa ufupi mbele ya wanafunzi. Baadaye mwaka huo alipata ngazi iliyofuata, akarudishwa Erfurt kufundisha Sentensi za Petro Lombardo, kitabu cha karne ya 12 ambacho kila mwanatheolojia alipaswa kukipitia. Muda wote huo alikula mezani pamoja na ndugu zake watawa, akasali nao saa za sala zilizopangwa, akatumwa na shirika hata mpaka Roma kwa shauri la nyumba zao. Mtu aliyesoma peke yake chumbani, akihangaikia karatasi zake miaka mitano bila kumfundisha yeyote, asingeeleweka katika mazingira hayo.

Mwaka 1511 Luther alihamishiwa Wittenberg moja kwa moja. Mkuu wa shirika lake katika Ujerumani alikuwa Johann von Staupitz, ambaye pia alikuwa profesa wa Biblia katika chuo hicho. Staupitz alikuwa na safari nyingi za kusimamia nyumba za watawa, na kiti chake cha ualimu kilikuwa kikikaa bila mwenyewe. Siku moja, chini ya mti wa mapeasi (tunda ambalo wenzetu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa) uliokuwa katika ua wa nyumba ya watawa, alimwambia Luther kwamba imempasa kuwa daktari na mhubiri. Kama Luther mwenyewe alivyosimulia baadaye mezani pake, alitoa sababu zaidi ya 15 za kukataa, na ya mwisho ilikuwa kwamba kazi hiyo ingemwua. Staupitz akamjibu kwa mzaha kwamba Mungu ana kazi nyingi mbinguni pia, na huko nako anahitaji watu wenye akili. Utii ulikuwa nadhiri, basi shauri likaishia hapo.

Palikuwa bado na shauri la fedha. Kutunukiwa udaktari kuligharimu gulden 50, na mtawa hakuwa na mali yake mwenyewe. Ili tupate kipimo, Luther alipokwisha kuoa mwaka 1525, mshahara wake wa uprofesa uliwekwa kuwa gulden 200 kwa mwaka. Gharama ya udaktari, basi, ilikuwa sawa na robo ya mshahara huo. Staupitz alikwenda kwa mtawala wa Saxony, Frederick aliyeitwa Mwenye Hekima, mwanzilishi wa chuo. Frederick alikubali kulipa, kwa sharti moja: Luther ashike kiti cha ualimu wa Biblia katika Wittenberg maisha yake yote. Fedha zenyewe zilikuwa kwa watunza hazina wa mtawala mjini Leipzig, na mtahiniwa akazifuata huko. Stakabadhi aliyoiandika kwa mkono wake, yenye tarehe 9 Oktoba 1512, imehifadhiwa hata leo.

Siku chache kabla, tarehe 4 Oktoba, alikuwa amepewa kibali cha kitivo. Tarehe 18 na 19 Oktoba 1512 zikafanyika sherehe za udaktari, zikiongozwa na mkuu wa kitivo, Andreas Bodenstein aliyejulikana kwa jina la mji wake, Karlstadt. Luther aliapa kukitii kitivo na kutofundisha mafundisho ya kigeni yaliyokataliwa na Kanisa. Akapewa Biblia iliyofungwa na kisha iliyofunuliwa, akavikwa kofia ya kidaktari na pete. Alikuwa na umri wa miaka 28. Wengi walikwazika kwa ujana huo, na yeye mwenyewe hakusahau kuwa walikwazika.

Waliokwazika zaidi walikuwa walimu wa Erfurt. Wao walikuwa wamemlea, na kanuni zao zilimtaka aliyeanza theolojia kwao aapishwe kutochukua udaktari mahali pengine. Walilalamika hata mwaka 1514, na Luther ikambidi ajitetee kwa barua kwamba kiapo hicho hakukiapa kamwe. Ugomvi huu waonekana mdogo, lakini unaonyesha kitu kikubwa: daktari alihesabiwa kuwa mali ya jumuiya iliyomsomesha, na jumuiya mbili zilipodai mtu mmoja, ilitafutwa karatasi ya kuamua ni nani mwenye haki.

Je, mkataba wa Frederick ulikuwa mwema? Kwa jinsi nionavyo, kumfunga kijana wa miaka 28 kwa maisha yake yote, kwa neno lililotolewa na wakubwa wawili, si jambo la kuigwa. Hata hivyo mkataba ule ulikuwa na pande mbili, na upande wa pili ndio tunaousahau. Mtawala alitaka Luther afundishe Biblia, na hapo hapo alikuwa na kiti cha kufundishia Biblia kilicho tayari. Oktoba hiyo hiyo daktari mpya aliingizwa katika baraza la kitivo. Mwaka uliofuata alianza Zaburi; kisha akafundisha Warumi mwaka 1515, Wagalatia mwaka 1516, na Waebrania mwaka 1517. Frederick aliendelea kushika upande wake hata gharama ilipozidi gulden 50. Desemba 1518, alipotakiwa amtoe Luther apelekwe Roma au afukuzwe nchini, alikataa, na moja ya sababu zake ilikuwa heshima ya chuo chake.

Sasa tutazame mikataba yetu. Aghalabu ina vifungu vingi vinavyomfunga mwanafunzi: arudi kwa wakati, atumike miaka kadhaa, la sivyo arudishe gharama. Vifungu vinavyolifunga kanisa ni vichache. Ni mara chache kuandikwa ni somo gani atakalolifundisha, katika chuo gani, akirithi kiti cha nani. Mchungaji huenda akatumia miaka mitano juu ya kitabu cha Amosi, akajifunza Kiebrania kwa jasho, na siku ya kurudi akapewa ofisi ya kusimamia ujenzi na magari. Akivumilia miaka mitatu, Kiebrania kimekwisha kumtoka. Asipovumilia, akaenda kufundisha kwingine, twamwita asiye na shukrani.

Najua jibu litakalotolewa: watumishi ni wachache, na kanisa haliwezi kumweka mtu mmoja kwa ajili ya kitabu kimoja. Jibu hilo lina uzito, na historia ya Luther yenyewe inaliunga mkono kwa sehemu. Mwaka 1512 alifanywa msaidizi wa mkuu wa nyumba ya watawa na msimamizi wa masomo. Mwaka 1515 akapewa usimamizi wa nyumba za watawa za wilaya nzima. Oktoba 1516 alimwandikia rafiki yake Johann Lang kwamba angeweza kuwatumia makarani wawili, kwa maana siku nzima hafanyi ila kuandika barua. Alihesabu kazi zake: kuhubiri katika nyumba ya watawa na katika kanisa la mji, kusoma wakati wa chakula, kusimamia nyumba 11, kuangalia bwawa la samaki huko Leitzkau, kushughulikia kesi ya watu wa Herzberg mjini Torgau. Hakuna msaidizi wa askofu hata leo asiyelielewa bwawa lile la samaki. Lakini katika orodha hiyo hiyo yumo Paulo aliyekuwa akimfundisha, na zimo Zaburi alizokuwa akizikusanyia maelezo. Kazi nyingine ziliongezwa juu ya kiti chake, hakuna iliyokiondoa.

Tumeangalia mwanafunzi aliyesukumwa. Yafaa tumwangalie na yule aliyetafuta mwenyewe. Karlstadt, aliyempa Luther udaktari, alikuwa amepata udaktari wa theolojia mwaka 1510. Hakutosheka. Mwaka 1515 alifunga safari kwenda Italia, akarudi mwaka uliofuata na udaktari wa sheria, akitumaini cheo cha mkuu wa Kanisa la Watakatifu Wote la Wittenberg, chenye mapato mazuri. Cheo hakukipata. Miaka michache baadaye alibadilika kabisa. Februari 1523, alipokuwa akiwatunuku watawa wawili wa Augustino, alitangaza kwamba hatampa mtu yeyote udaktari tena, kwa kuwa Bwana amewakataza wanafunzi wake kuitwa Rabi na walimu, Mathayo 23. Akaacha jina la daktari, akavaa mavazi ya mkulima, akaenda kutumika Orlamünde, akataka watu wamwite Ndugu Andrea.

Tusimcheke. Swali lake lilikuwa la haki: cheo kinachomtenga mtu na washarika, na kinachotafutwa kwa ajili ya mapato, chafaa nini katika Kanisa la Kristo? Wittenberg yenyewe haikuwa na jibu la haraka. Kwa miaka 10 kitivo cha theolojia hakikumtunuku daktari hata mmoja. Philipp Melanchthon, aliyefundisha vizazi vya wachungaji, alibaki na ngazi ya kwanza ya theolojia aliyoipata mwaka 1519, akaitwa Magister mpaka kufa. Wakati huo huo shule zilidhoofika kila mahali, wazazi wakiona kwamba elimu haina faida tena kwa kuwa vyeo vya upadre wa kale vimeondoka. Ndiyo maana Luther aliwaandikia madiwani wa miji mwaka 1524 kuhusu shule, na mwaka 1530 akatoa tena mawaidha juu ya kuwapeleka watoto kusoma. Naye Karlstadt, baada ya kutangatanga kwingi, alikuwa profesa huko Basel tangu mwaka 1534, na huko, ajabu, alikuwa upande wa waliotaka walimu wa theolojia wachukue udaktari, akashindana na Oswald Myconius aliyekataa.

Udaktari ulirudi Wittenberg mwaka 1533, na namna ulivyorudi ndiyo yenye mafunzo kwetu. Kanuni mpya za kitivo ziliandaliwa na Melanchthon, mtu asiye daktari. Kiapo kipya kilimtaka daktari afundishe kwa kuzifuata Imani tatu, ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio, pamoja na Ungamo la Augsburg. Andreas Osiander alikuja kukilalamikia kiapo hiki baadaye, akiona kwamba kinawafunga walimu kwa maneno ya wanadamu, na Melanchthon akakitetea. Mjadala huo ungehitaji makala yake.

Mdahalo ulifanyika tarehe 17 Juni 1533, na kesho yake wakatunukiwa watatu, mtawala John Frederick akiwapo. Yafaa tuwatazame ni akina nani. Johannes Bugenhagen alikuwa mchungaji wa mji wa Wittenberg kwa miaka 10, naye alikuwa amekwisha kuandaa taratibu za makanisa ya Braunschweig, Hamburg na Lübeck. Caspar Cruciger alikuwa mwalimu na mhubiri mumo humo Wittenberg. Johannes Aepinus alikuwa amechaguliwa mwaka 1532 kuwa msimamizi wa makanisa ya Hamburg. Hapakuwa na mmoja aliyekuwa akisubiri apangiwe kazi. Bugenhagen alitoka hapo akaenda kulitengeneza kanisa la Pomerania, na mwaka 1537 la Denmark. Cruciger aliendelea kufundisha palepale. Aepinus alirudi Hamburg, kwenye kazi aliyokuwa ameianza mwaka uliotangulia, akaifanya mpaka alipofariki mwaka 1553.