Majivu na Mavumbi ya Ujiji

Zamani majivu yalikuwa hasa alama ya watubuji wa hadhara. Mwaka 1091 Sinodi ya Benevento, chini ya Papa Urbano II, iliagiza waamini wote wapakwe, wakleri kwa walei.

Januari 1879 Wamisionari wa Afrika waliwasili Ujiji, ambako watumwa kutoka Manyema walivushwa ziwa na kupelekwa pwani. Padre Pascal, mkuu wa msafara huo, alikwisha kufa njiani Agosti 1878. Wenzao watatu waliuawa Rumonge, Burundi ya leo, mwaka 1881. Ardhi iliwapokea wote sawa: mtumwa, tajiri wake na mmisionari.

Basi, Jumatano ya Majivu tujiulize: nani kati yetu sisi mavumbi awezaye kumpangia mwenzake bei? Tutubu tungali hai.