Anasoma darasa la tatu, lakini je, anajua kusoma?

MZAZI akiulizwa habari za mwanawe hujibu bila kusita: “Yuko sawa, anasoma darasa la tatu.” Kitenzi ‘kusoma’ hapo hakimaanishi kwamba mtoto anaweza kushika kitabu na kuelewa yaliyomo. Kinamaanisha amesajiliwa, ana sare na huamka alfajiri. Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja, nasi kwa miaka mingi tumekadiria usomaji wa watoto kwa kutazama darasa walilomo.

Mazoea haya yana historia. Ripoti ya Beecher ya 1949 iliigawa elimu ya Waafrika katika vipande vya miaka minne minne, na kutoka kipande kimoja hadi kingine kukawa na mtihani wa kuchuja. Wengi waliishia darasa la nne. Baada ya uhuru ukaja CPE, kisha KCPE mnamo 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4. Majina yalibadilika, kazi ikabaki ile ile ya kugawa nafasi chache zilizokuwapo mbele. Mtihani wa namna hiyo haukumweleza mzazi kama mtoto anajua kusoma. Ulimweleza amewashinda wangapi. Ndiposa shule zikazoea kuwarudisha watoto darasa ili wastani wa alama usiporomoke. Tunawakumbuka waliorudia darasa la mwisho mara mbili, mara tatu, hadi wakaota ndevu humo humo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, ilipiga marufuku kumrudisha mwanafunzi darasa. Binafsi naiunga mkono. Kumrejesha mtoto kwenye kitabu kile kile, afunzwe kwa njia ile ile iliyomshinda, kulimwaibisha kuliko kulivyomfundisha. Lakini wazazi wengi hawajang’amua maana yake. Mtoto wa Gredi ya 3 hupanda hadi ya 4 hata akiwa bado anababaika na sentensi fupi. Nayo KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2022, haiamui nani aende Sekondari Msingi na nani abaki. Kwa hivyo kupanda gredi hakuthibitishi lolote kuhusu usomaji.

Pengo hilo lilianza kupimwa waziwazi si zamani sana. Mnamo 2007 watoto wa Malindi walipimwa mmoja mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mnamo 2009 shirika la Uwezo likaanza kwenda nyumba kwa nyumba likiwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa kazi ya darasa la pili: herufi, maneno, aya, hadithi fupi. Ripoti yake ya 2011 iliwashtua wengi: ni takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioimudu kazi hiyo.

Vipimo hivi huhesabu pia maneno ambayo mtoto husoma kwa dakika moja. Katika mradi wa Tusome, ulioanza 2015, msomaji fasaha alitarajiwa kufikisha maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Usidhani Kiswahili kilidharauliwa hapo. Tazama ‘hawakuniambia’: ni neno moja lililobeba ukanushi, nafsi mbili, wakati na tendo, ambalo Kiingereza hulieleza kwa maneno manne au matano. Mtoto anayesoma maneno 45 ya aina hiyo amefanya kazi kubwa, na mzazi anayelinganisha idadi hizo mbili moja kwa moja anamwonea.

Kisha kuna lugha ya ripoti. ‘Kukaribia matarajio’ husikika kama pongezi, na nimeona wazazi wakitabasamu wakiisoma. Maana yake ni kwamba mtoto hajafika. ‘Kufikia matarajio’ ndiyo ya kutabasamia.

Ukiwa na shaka, usingoje muhula uishe. Chukua kitabu cha hadithi cha Gredi ya 2 ambacho mtoto hajawahi kukiona, maana cha darasani huenda amekikariri. Mwache asome ukurasa mmoja kwa sauti bila kumsahihisha. Halafu kifunge, umwulize mbuzi alipotea vipi na nani alimpata.