Kufifia kwa mawimbi ya simu

Kufifia kwa mawimbi ni kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi ya redio yanayoifikia simu kutoka mnarani. Watumiaji husema "mtandao unasumbua". Chanzo kikuu ni wimbi moja kufika kwa njia nyingi: moja imenyooka, nyingine zimegonga maji, mlima au mabati. Mawimbi hayo yakifika kwa awamu moja hutiana nguvu. Yakipishana kwa nusu ya urefu wa wimbi hufutana.

Mfano wa Kemondo

Kemondo ni bandari ya Ziwa Victoria kusini mwa mji wa Bukoba, ambako meli ya MV New Victoria Hapa Kazi Tu hupita katika safari za kati ya Mwanza na Bukoba. Kwenye nchi kavu, vilima hukinga mnara na nguvu hupungua taratibu kadiri mtu anavyoingia kivulini. Majini, uso wa ziwa uliotulia huakisi mawimbi na kuyapindua awamu. Chombo kikifika mbali, wimbi lililonyooka na lililoakisiwa hukaribia kufutana. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hushuka hadi sehemu moja ya 16.

Katika masafa ya megahezi 900, wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi. Kwa hiyo abiria aliyesimama gatini kati ya mabati na magari anaweza kupoteza sauti, akasogeza simu chini ya shubiri moja, sauti ikarudi.

Dimodulesheni

Dimodulesheni ni kazi ya kipokezi ya kuchambua sauti au data kutoka kwenye wimbi lililoibeba, na ndipo simu hupambana na kufifia. Katika 2G, kila fungu la kawaida la biti 148 lina biti 26 za katikati ambazo simu inazijua tangu mwanzo. Simu hulinganisha zilizofika na zilizotarajiwa, ikatambua njia imeharibu nini, kisha ikasahihisha zilizobaki. Sauti nayo hutawanywa katika mafungu manane, ili moja likipotea lisiondoke na neno zima. Katika 4G, alama moja huweza kubeba biti 6 mawimbi yakiwa imara, na 2 yakiwa dhaifu. Ndiyo maana intaneti hupungua kasi kabla ya kukatika.

Matumizi ziwani

Kwa wavuvi na wasafiri, suala hili ni la usalama wa maisha. Mnara wa kawaida wa 2G huhudumia simu hadi kilomita 35, hata wimbi likivuka hapo. Aliye mbali na mwambao atume ujumbe mfupi: usipopokelewa hurudiwa, ilhali sauti iliyopotea hairudi.