Asili ya Elimu ya Kupima Mkazo wa Magari

Msafiri atokaye Nambis, akapita Mbulu mjini na kushuka mteremko wa Magara hadi Bonde la Ufa, hutambua upesi kwamba njia nayo ni mzigo. Lori la vitunguu saumu aghalabu halivunjiki siku lilipojazwa kupita kiasi. Huvunjika siku nyingine, likiwa na mzigo wa haki, na lawama humwangukia dereva. Je, ndiye mkosaji?

Jibu lilianza kutafutwa relini. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi lililotoka Versailles kwenda Paris ilikatika, wakafa watu zaidi ya 50. Wengi wa zama zile waliamini kwamba chuma hugeuka tabia kwa kutikiswa. William Rankine wa Scotland aliandika mwaka 1843 kwamba sivyo: ufa huanzia mahali unene unapopunguzwa ghafula, ukaingia ndani kidogo kidogo. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alifunga kwenye mabehewa kifaa kilichochora katika bati la zinki jinsi ekseli zilivyopinda safarini; kisha akazijaribu katika mashine kwa mizunguko mingi mno. Matokeo yake, yaliyokamilika mwaka 1870, yalithibitisha kwamba mkazo mdogo ukirudiwa huvunja chuma ambacho mkazo mkubwa wa mara moja haukukiweza. Wahenga wetu walikwisha kunena: chovya-chovya humaliza buyu la asali.

Mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, Wamarekani, kila mmoja peke yake, walivumbua kipimo cha waya mwembamba unaobandikwa juu ya chuma. Chuma kikivutika, waya huvutika nacho, na umeme hupita kwa shida zaidi. Hivyo mkazo wa fremu ukapimika gari likiwa barabarani. Mwaka 1945 M. A. Miner akaeleza jinsi ya kujumlisha madhara ya kila pigo.

Nchi zetu nazo zilikuwa maabara. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Katika mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu yalifika mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walipima nchini Kenya jinsi ubovu wa barabara unavyozidisha gharama za vipuri. Faida ya elimu hiyo yapasa imfikie pia mwenye basi la kijijini.

Mizani ya barabarani hupima uzito, mapigo haiyapimi. Lakini chuma chenyewe hutoa ushahidi. Palipokatika, sehemu ya ufa wa zamani mara nyingi huwa laini, yenye mistari kama ya mawimbi mchangani; sehemu iliyokatika mwisho huparuza na kung'aa. Ikiwa sehemu ya zamani ni pana, gari lilianza kuvunjika kabla ya safari ile. Hapo yafaa, kabla ya kumhukumu dereva, aulizwe mwenye gari: lilikaguliwa lini?