Jino la mtoto likivunjika au kung'oka: la kufanya kabla ya kufika hospitali

Mama, msimu wa mabibo na maembe ukianza huku Kitangari, watoto wanashinda juu ya miti. Ndipo tunapoanza kupokea midomo iliyovimba na meno ya mbele yaliyokatika. Wengine huanguka na baiskeli au bodaboda, wengine hugongana kwenye mpira.

Anayeanguka huletwa upesi. Anayecheleweshwa ni yule ambaye jino lake lilikuwa limeshaoza, kisha likakatika akitafuna tu muhogo. Jino lililotoboka ndani halina nguvu, na likivunjika huwa limeshaanza kuugua zamani. Wapo pia wanaofungua soda kwa meno, au kubangua korosho kwa meno. Hili la korosho ni baya mara mbili, maana mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Zamani Wamakonde walichonga meno kwa urembo, na bado nasikia watu wakisema jino lililokatika si kitu. Inategemea limekatika mpaka wapi. Jino lina ganda gumu jeupe, chini yake sehemu ya manjano, na katikati kiini chenye damu na mishipa ya fahamu. Likimeguka ganda tu, mtoto hasikii maumivu. Likifika kwenye manjano, maji baridi na hewa humchoma. Ukiona nukta nyekundu au damu katikati ya jino lenyewe, kiini kiko wazi, na huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Jino likitoka zima

Hapa dakika zina thamani, na gari la kwenda Newala linaweza kuchelewa. Kwa hiyo mengi yako mikononi mwako.

Kwanza jiulize: ni jino la utoto au la ukubwani? Meno ya mbele ya ukubwani huota kati ya miaka 6 na 8. Yana ukingo wenye vijino vidogo kama msumeno na ni makubwa kuliko yale ya utoto. Jino la utoto usilirudishe kamwe, kwani unaweza kuharibu la ukubwani linalokua chini yake. Hilo mwachie mtoto alirushe juu ya paa kama kawaida yetu.

La ukubwani lirudishwe, na wa kulirudisha ni wewe. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, limwagie maji safi kidogo tu, usilisugue, usilikwangue. Lisukume taratibu kwenye tundu lake, upande wa mbele ukiangalia mbele, kisha mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Hakuna maziwa? Mtoto ateme mate kikombeni, ulizamishe humo. Usiliweke kwenye maji ya kawaida, wala usilifunge kwenye leso au kulitia mfukoni, kwani likikauka chembe hai za mzizi hufa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Likikaa kavu zaidi ya saa moja, uwezekano wa kupona hupungua sana, lakini lipeleke hata hivyo.

Kipande kilichomeguka nacho kitafute, kwani mara nyingine daktari hukigandisha tena. Kisipoonekana na mtoto anakohoa au anapumua kwa shida, huenda amekivuta kifuani. Hiyo ni dharura, sawa na kuzimia, kutapika baada ya kuanguka, au taya kushindwa kufunga.

Damu izuie kwa kuumisha kitambaa safi kwa dakika 10. Maumivu mpe Panadol kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe mtoto, wala usiweke ugoro, mafuta ya taa au maji ya betri kwenye jino. Kama jeraha lina udongo, beba kadi ya kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda.

Matibabu yenyewe

Kituo cha Afya Kitangari tutamwangalia na kumpa rufaa kwa daktari wa kinywa na meno. Palipomeguka kidogo husawazishwa. Palipokatika zaidi huzibwa. Kiini kikiwa wazi, kwa mtoto daktari hujaribu kwanza kukifunika ili mzizi uendelee kukua. Kikishakufa, husafisha mzizi na kuuziba. Jino lililorudishwa hufungwa pamoja na jirani zake kwa wiki 2 hivi. Kung'oa ni pale mzizi umepasuka vibaya au jino limeoza lote, kwa hiyo ukiambiwa "ling'olewe tu", uliza kwanza kama linaweza kuzibwa.

Nyumbani mpe uji na vyakula laini, na mswaki aendelee kupiga, taratibu. Hata jino la utoto liliyumba tu, litazame kwa miezi kadhaa: likigeuka rangi ya kijivu, au fizi juu yake ikitoa kijipu chenye usaha, mrudishe hata kama halimuumi.