Kutu, Chumvi na Subira

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako mna kitu cha chuma ulichorithi kwa wazee: kufuli la mlango, nanga ya mashua, au cherehani ya bibi. Kutu imekivaa, na kila akionaye husema kitupwe. Kabla hujakitupa, na kabla hujakiendea kwa nyundo na msasa, sikiliza kisa cha mizinga sita.

Mwezi wa Juni 1770, merikebu ya Kiingereza iitwayo Endeavour, nahodha wake James Cook, ilipanda mwamba wa matumbawe usiku, katika pwani ya mashariki ya Australia. Ili merikebu iwe nyepesi ipate kunasuka, mabaharia walitupa baharini kila kizito: mawe, vyuma, mapipa na mizinga sita. Merikebu ikaokoka, mizinga ikabaki. Matumbawe yakaifunika, hata mwaka 1969 msafara wa wataalamu kutoka Marekani ukaigundua, baada ya kulala majini karibu miaka 200.

Sasa zingatia jambo hili. Chuma cha kusubu kikikaa sana baharini, chuma chenyewe huliwa kidogo kidogo, ikabaki kaboni laini kama ile ya kalamu ya risasi. Kwa macho utaona umbo kamili la mzinga. Lakini ndani imejificha chumvi, nayo ndiyo adui. Ukikitoa kitu hicho majini ukakianika juani, chumvi ile ikikutana na hewa na unyevu huamsha kutu upya, na baada ya muda kitu hupasuka na kubanduka vipande vipande. Kilichostahimili bahari miaka 200 huangamia mikononi mwa aliyedhani amekiokoa.

Basi mizinga ile haikuachwa ikauke. Ilitunzwa majini mpaka ikafika maabara mjini Melbourne. Gamba la matumbawe likaondolewa, kisha mizinga ikalazwa katika maji yaliyotiwa soda kali. Ncha hasi ya umeme ikafungwa kwenye mzinga, na ncha chanya kwenye mabamba ya chuma kando yake. Umeme ulipopita, chembe za klorini zilizomo katika chumvi zikavutwa kutoka ndani ya mzinga kuelekea kwenye mabamba. Na juu ya mzinga vikatokea viputo vya hewa ya haidrojeni, vikailegeza kutu. Njia hii huitwa elektrolisisi. Tindikali hula kutu na chuma pamoja. Njia hii huiondoa kutu na kukibakisha chuma. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwisho mizinga ikaoshwa, ikakaushwa, ikanyweshwa nta. Leo mmoja uko Cooktown, Australia, na mwingine uko Wellington, New Zealand.

Elimu hiyo haikuzuka siku ile. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake, na mwaka huo huo Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, wakayatenganisha maji kwa umeme. Mwaka 1833 na 1834 Michael Faraday alizieleza kanuni za kazi hiyo. Na huyo Faraday alikuwa nani? Mwana wa mhunzi maskini, aliyefundishwa kujalidi vitabu, naye akawa anavisoma vile alivyopewa kuvijalidi. Mwaka 1888 makumbusho ya kifalme ya Berlin yalifungua maabara chini ya Friedrich Rathgen, naye akaitumia nguvu ya umeme kuhifadhi vyuma na shaba za kale. Hata neno alkali, ambalo ndilo jina la maji ya namna ile ya soda, limetoka katika Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Elimu ni msafiri. Kila taifa humpokea na kumsindikiza.

Nasi wa pwani hatuko mbali na habari hizi. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome hiyo, Mombasa. Ilichimbuliwa baina ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vyake vikawekwa katika makumbusho ya ngome. Kwa hiyo mvuvi akinasa chuma cha kale wavuni, asikigonge wala asikianike. Akiweke majini, awaarifu watu wa makumbusho.

Ama kwa vyuma vya kawaida vya nyumbani, mafundi hutumia magadi soda katika ndoo ya plastiki, na chaja ya betri ya gari. Lakini tahadhari. Haidrojeni hulipuka, basi kazi ifanywe nje, mbali na moto. Zima umeme kabla ya kutia mkono. Usitumie chumvi ya jikoni, kwani hutoa hewa ya sumu. Wala usifunge upande wa chanya chuma kisichoshika kutu, maana huyatia maji sumu ya kromiamu. Na sufuria za alumini usizitie humo, zitaliwa.

Ndugu msomaji, kutu ya nje kila mtu huiona na kuichukia. Chumvi ya ndani haionekani, nayo ndiyo ivunjayo. Haitoki kwa kugongwa, hutoka kwa ujuzi na subira. Ukimrekebisha mwanao au ndugu yako, yakumbuke haya pia.